Bei na Ujira katika Nchi ya Upare

Mji wa Same umekaa chini ya milima ya Upare ya Kusini, penye njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Upande mmoja wa mji kuna mbuga kavu ya miiba na mkonge. Upande wa pili milima yapanda ghafula mpaka kilele cha Shengena, ambacho kimepita mita 2,400, na huko juu mna mvua, migomba, kahawa na mifereji ya maji. Kwa muda wa karne moja na zaidi watu wa nchi hii wameishi baina ya hali mbili hizi: juu liko shamba la ukoo, chini iko kazi ya ujira. Kwa sababu hiyo Upare ni mahali pafaapo sana kupimia fundisho moja la elimu ya uchumi ambalo limesemwa mara nyingi kana kwamba ni kanuni ya nchi zote.

Fundisho lenyewe lilianza mwaka 1958. Mwaka huo A. W. Phillips, mtu wa New Zealand aliyekuwa akifundisha katika London School of Economics, alichapisha katika jarida la Economica uchunguzi wake juu ya Uingereza tangu mwaka 1861 hata 1957. Alionyesha kwamba katika miaka ambayo watu wasio na kazi walikuwa wachache, mishahara ilipanda upesi. Na katika miaka ambayo wasio na kazi walikuwa wengi, mishahara ilipanda polepole au haikupanda kabisa. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Samuelson na Robert Solow, walilichukua jambo hilo wakalitia katika bei za vitu badala ya mishahara. Tangu hapo ikasemwa kwamba kupanda kwa bei na ukosefu wa kazi ni kama vitanga viwili vya mizani: kimoja kikipanda, cha pili hushuka, na serikali haina budi kuchagua. Baadaye kidogo Milton Friedman na Edmund Phelps walipinga. Walisema kwamba watu wakisha kuzoea kuona bei zapanda, hudai mishahara kwa kadiri ya bei wanazozitazamia, na faida ya kazi huondoka. Mambo yaliyotokea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970, bei zilipopanda na kazi zikapungua pamoja, yaliwapa haki kwa sehemu kubwa.

Lakini pande zote mbili za mabishano hayo zilishika jambo moja bila kulijadili. Zilichukua kwamba watu walio wengi huuza nguvu zao kwa mshahara, na kwamba asiyeuza nguvu zake hana kazi. Katika Upare jambo hilo halikuwa kweli wakati wo wote. Historia ya nchi hii yaonyesha kwamba bei na ujira havikuenda kama vitanga viwili, kwa sababu palikuwapo kitu cha tatu, nacho ni shamba. Kazi zilipopungua, shamba ndilo lililowapokea watu; na fedha zilipopotewa na nguvu zake, shamba ndilo lililotoa chakula ambacho mshahara haukuweza kukinunua. Hasara zote mbili ziliwekwa juu ya shamba, na hasara iliyowekwa hapo haikuandikwa katika hesabu ya mtu ye yote.

Kabla ya kuja kwa Wadachi, Wapare walikuwa na kazi nyingi zenye utaratibu wake. Ugweno ulikuwa na wahunzi wa ukoo wa Washana, ambao majembe yao na silaha zao ziliuzwa mpaka kwa jirani. Katika milima ya kusini watu walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Kazi kubwa za wote zilifanywa kwa msaragambo: mwito ulitolewa, watu wakatoka pamoja, na asiyetoka bila sababu akatozwa. Kazi ilikuwa na wakati wake, wazee wake na adhabu yake, ila haikuwa na ujira. Palikuwapo njaa, na maradhi, na vita. Lakini hali ya mtu mwenye nguvu na nia ambaye hapati kazi haikuwa na jina, kwa kuwa haikuwapo. Mtu aliyekaa bure alikuwa ama mgonjwa ama mvivu.

Hali hiyo ilibadilishwa na kodi, mkonge na reli. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Mwaka 1898 serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba, na mwenye kudaiwa fedha alilazimika kuzitafuta mahali zilipo. Reli ilitambaa chini ya milima ya Upare ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Baadaye mashamba ya mkonge yalijulikana sana katika bonde la chini, kama ya Makanya, Ndungu na Kisangara. Tangu hapo mtu wa mlimani aliweza kushuka, kufanya kazi siku chache, kupata fedha za kodi, kisha kupanda tena kwake.

Maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa au kugeuzwa na kazi hiyo yafaa kuangaliwa, maana yamehifadhi mambo ambayo vitabu vya hesabu havikuyahifadhi. Neno kibarua ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kisha jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: siku iliyofanywa iliandikwa, siku isiyofanywa haikuandikwa, na malipo yalitoka kadi ilipojaa. Manamba, neno lililotoka katika kuhesabu watu kwa namba, walikuwa wale walioandikwa mbali na kuletwa kwa mkataba, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwaandika, iliyojulikana kwa jina la Silabu. Mshahara, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malipo ya mwezi. Ujira na ajira vyatoka katika shina moja la malipo.

Maneno haya hayakuwa na daraja moja. Mwenye mshahara alikuwa karani, mwalimu au askari. Fedha zake zilikuja kila mwezi, akaweza kukopa kwa kuzitegemea. Mwenye kipande alihesabiwa siku, na kadi isiyojaa haikumpa kitu. Kibarua alihesabiwa jua moja. Manamba alikuwa mbali na kwao, na njaa ya kambini ilikuwa yake yote. Mpare aliyeshuka kutoka Suji, Mbaga au Vudee alikuwa na nafasi ambayo manamba hakuwa nayo: aliweza kukiacha kipande na kupanda mlima. Ndiyo maana wenye mashamba ya mkonge katika Tanganyika walitafuta watu wa mbali. Mtu mwenye mgomba nyuma ya nyumba yake hashurutishwi upesi na ujira mdogo.

Vita Kuu ya pili ilitia jambo jipya. Mwaka 1942 Wajapani walipokwisha kuzitwaa nchi za mashariki zilizotoa nyuzi ngumu, mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha vita. Serikali ilianza kuwashurutisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba, na bei ya mkonge ikawekwa kwa mapatano na Uingereza, si kwa soko. Kazi basi ilikuwapo kwa wingi kuliko watu, hata sheria ikatumika kuwaleta watu. Wakati huo huo nguo, majembe na bidhaa nyingine za meli zikaadimika, na bei zake zikapanda. Kwa hesabu ya Phillips, ujira ungalipanda kwa nguvu, kwa sababu mikono ilikuwa haba. Lakini ujira ulizuiwa kwa amri, na bei za bidhaa hazikuzuilika vivyo. Huo ndio mfano wa kwanza wa mizani yenye kitanga kimoja kilichofungwa kamba.

Mahali pengine watu walijibu kwa mgomo. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1943, wakagoma tena Septemba 1947, na mgomo huo wa pili ukaenea katika reli na miji ya bara. Ughali wa maisha ulikuwa mbele katika madai yao. Katika Upare walio wengi hawakuwa na mwajiri wa kumgomea. Ugomvi wao ulitokea katika kodi.

Watawala wa jadi wa Upare, yaani wafumwa, pamoja na serikali walianzisha wakati wa vita kodi ya pili juu ya kodi ya kichwa, ikakadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Jina lilikuwa la kale, la ushuru aliokuwa akipelekewa mfumwa zamani. Lakini kitu kilichoitwa kwa jina hilo kilikuwa kigeni. Mtu wa mbiru ya kale alijua anatoa nini na kwa ajili gani. Mtu wa mbiru mpya aliambiwa kiasi cha fedha kilichotokana na hesabu aliyofanyiwa na wengine: ng’ombe wake, kahawa yake, migomba yake. Mapema mwaka 1945 watu kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, penye makao ya wilaya, wakakaa hapo muda mrefu wakingoja kusikizwa. Hawakukataa kulipa kodi ya sawasawa kwa watu wote, walikataa kukadiriwa. Wanawake wa Usangi nao walijitokeza hadharani kudai jambo hilo limalizwe, maana wanaume walipokaa Same, mashamba yalikuwa mikononi mwao. Mwishoni serikali ilirudi nyuma, na baada ya vita mbiru ikaachwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya wote juu ya Upare, aliyaeleza mambo haya katika kijitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mbiru.

Kwa kawaida jambo la mbiru husomwa kama historia ya siasa, na ni haki kusomwa hivyo. Hata hivyo, ndani yake mna fundisho la bei. Katika wakati ambao shilingi ilinunua nguo fupi kuliko mwaka uliopita, serikali ilitaka kukipima kwa shilingi kitu ambacho hakikupata kupimwa hivyo, nacho ni shamba la nyumbani. Ng’ombe wa mahari na mgomba wa chakula viligeuzwa kuwa tarakimu. Shamba lililokuwa kinga ya mtu dhidi ya ughali wa dukani lilihesabiwa kuwa utajiri wake. Watu waliokaa Same walikuwa wakiitetea kinga hiyo, hata kama hawakuitaja kwa jina la uchumi.

Mfano wa pili ulikuja baada ya uhuru, na ulikuwa kinyume cha ule wa kwanza. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 lilikaa baraza la kuchunguza kima cha chini cha mshahara, na tangu mwaka 1963 kima hicho kikawa sheria. Chama cha wafanyakazi katika mkonge nacho kilikuwa kimekwisha kupata nguvu. Ujira ulipanda kwa haraka, na hapana shaka ulistahili kupanda, maana ulikuwa umebanwa siku nyingi. Wenye mashamba walijibu kwa kudai kazi kubwa zaidi kwa kila mtu na kuwapunguza wengine. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa mkonge tani 230,000 hivi, kiasi kikubwa kuliko vyote vilivyopata kutolewa. Na mwaka huo huo bei ya mkonge katika dunia ikaanza kuanguka, kwa kuwa nyuzi za plastiki zilikuwa zikichukua mahali pake. Mwanzo wa miaka ya 1960 mkonge ulikuwa na watu wa kazi zaidi ya 100,000 katika nchi nzima. Kabla ya miaka kumi kwisha, hesabu hiyo ilipungua kupita nusu.

Katika miaka hiyo bei za dukani zilikuwa tulivu. Shilingi bado ilikuwa ya Afrika ya Mashariki yote mpaka Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966. Mambo matatu basi yalikuwapo pamoja: ujira wapanda upesi, bei za vitu karibu zimesimama, na watu wanaondolewa kazini kwa makumi ya maelfu. Katika mchoro wa Phillips, ujira hupanda upesi pale ambapo wasio na kazi ni wachache. Hapa ulipanda upesi na kazi zikitoweka. Mwaka 1967 H. A. Turner, aliyeletwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, aliishauri serikali kwamba mishahara imeitangulia nchi, na serikali ikaweka mpaka wa nyongeza usiopita 5 kwa mia kwa mwaka.

Waliondolewa walikwenda wapi? Swali hili ni la maana kuliko hesabu yenyewe. Manamba wengine walirudi kwao Songea au Burundi. Wengine walibaki karibu na kambi, wakalima vipande vya ardhi bondeni. Mtu wa mlimani alirudi mlimani. Aliporudi hakuandikwa kuwa hana kazi, maana alionekana akiwa na jembe mkononi. Lakini shamba alilolirudia halikuongezeka kwa sababu yeye amerudi. Lilikuwa lile lile la mama yake na mkewe, na sasa walilila watu zaidi. Ukosefu wa kazi ulikuwa umepanda mlima ukageuka uhaba wa ardhi.

Mfano wa tatu ndio ulioumiza watu wengi zaidi. Ukame wa mwaka 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na mafuta kupanda tena, vyote vilifuatana. Baraka ilikuwa moja tu, nayo fupi: baridi kali ya Brazil ya Julai 1975 iliharibu kahawa ya huko, na kahawa ya Upare ikapata bei nzuri kwa miaka miwili hivi. Lakini mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na havikuruhusiwa tena kwa sheria mpaka mwaka 1982. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kadiri ya 30 kwa mia kwa mwaka.

Wakati huo mishahara ya serikali na mashirika yake haikuondolewa. Hata watu wa kuilipwa waliongezeka. Mtu atazamaye tarakimu peke yake angeweza kusema kwamba mizani imefanya kazi yake: bei juu, ukosefu wa kazi chini. Lakini nguvu ya mshahara kununua vitu ilipungua zaidi ya nusu baina ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980. Mwalimu wa shule mlimani alikuwa na kazi kwa jina, na mwisho wa mwezi alipokea fedha zisizofika mwisho wa juma la pili. Akafuga kuku, akalima nyanya kando ya mfereji, mkewe akapika maandazi. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya Dar es Salaam, alionyesha jinsi riziki ya nyumba za watu wa mshahara ilivyotoka kwa sehemu kubwa katika shughuli za namna hiyo, ambazo wenyewe waliziita miradi. Mshahara ulikuwa umebaki kama cheo. Hali hiyo haifai kuitwa ajira, kwa kuwa ajira ni malipo. Wala haikuitwa ukosefu wa ajira. Lugha ya takwimu haikuwa na neno lake.

Lugha ya watu ilikuwa nalo. Neno la kale langua, kununua na kuuza kwa bei ya kupita kiasi, lilitoa walanguzi na ulanguzi, yakawa maneno ya kila siku. Bei ya serikali ilikuwa moja, na bei ya kuruka ilikuwa nyingine. Sabuni, sukari na mafuta ya kula viliadimika. Na kwa kuwa mpaka wa Kenya uko jirani, kando ya Ziwa Jipe, magendo hayakuwa jambo la mbali. Mwaka 1983 serikali ilipigana na waliohesabiwa kuwa wahujumu wa uchumi, na mwaka huo huo ikatoka sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye nguvu awe na kazi ya kutambulikana. Sheria hizo mbili zilikamata ncha mbili za jambo moja bila kulitazama lenyewe. Aliyeuza sabuni kwa bei ya kuruka na aliyezurura mjini bila kitambulisho mara nyingi walikuwa watu wa namna moja: watu ambao mshahara au bei ya mazao haikuwatosha.

Waziri wa Fedha tangu mwaka 1983 alikuwa mtu wa milima hii hii, marehemu Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi. Bajeti yake ya Juni 1984 ilipunguza thamani ya shilingi, ikaondoa ruzuku ya sembe, na kuwaruhusu wenye fedha zao za nje kuleta bidhaa. Bei ya sembe ilipanda zaidi ya mara mbili. Kima cha chini kilipandishwa kwa karibu theluthi moja tu. Mwaka 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashuka zaidi. Bidhaa zilirudi madukani, na jambo hilo halikuwa dogo kwa mtu aliyekaa miezi bila sabuni. Lakini zilirudi kwa bei ya kuruka, ambayo sasa ilikuwa bei halali.

Kisha ukaja mfano wa nne, ambao waibatilisha mizani moja kwa moja. Katika miaka ya kati ya 1990 serikali iliwapunguza watumishi wake kwa makumi ya maelfu, na mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 30 kwa mia. Kazi zilipungua na bei zikapanda kwa pamoja, mwaka kwa mwaka. Mtu aliyepunguzwa kazini alipewa fedha za kiinua mgongo, na fedha hizo zikayeyuka kabla hajamaliza kuezeka nyumba. Mkonge nao ulikuwa umeshuka, toka tani 230,000 za mwaka 1964, hata kufika kadiri ya 30,000 tu.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 bei zimetulia, isipokuwa vipindi kama mwisho wa mwaka 2011, zilipokaribia tena 20 kwa mia. Lakini utulivu huo haukuwarudishia vijana wa Same kazi za mshahara zilizopotea. Katika mwaka 2017, bei zikiwa zimepanda kwa 5 kwa mia tu, msemo uliosikika kila mahali nchini ulikuwa kwamba vyuma vimekaza. Watu hawakulalamikia ughali wa vitu. Walilalamika kwamba fedha za kuvinunua hazionekani.

Kwa hiyo katika mifano hii bei na ujira vimekaa kwa kila namna ambayo mtu anaweza kuifikiri. Wakati wa vita, kazi nyingi, bei juu, na ujira umefungwa. Mwanzo wa uhuru, kazi zikipungua, bei tulivu, na ujira juu. Katika miaka ya 1980, kazi kwa jina, bei juu, na ujira bila nguvu. Katika miaka ya 1990, kazi chache na bei juu. Jambo moja tu halikubadilika: kila mara sehemu ya hasara ilipanda mlima. Bei ya mkonge na kahawa ilipangwa nje ya nchi, kima cha ujira na thamani ya shilingi vilipangwa Dar es Salaam, na shamba la Upare likalipa tofauti.

Hapa msamiati warudi kudai nafasi yake. Istilahi ya siku hizi ni mfumuko wa bei, na katika neno hilo mna kitendo cha kufumuka, kama mshono unapoachia uzi. Ni neno zuri, maana lasema kwamba kitu kilichokuwa kimeshikana chaachana. Ukosefu wa ajira ni neno la namna nyingine. Lataja kitu kisichokuwapo tu. Kiswahili cha watu hakina haja kubwa nalo. Mtu akutwaye jioni akishuka toka shambani na jembe begani, akiulizwa afanya kazi gani, aghalabu hujibu kwamba hana kazi, analima tu. Katika tu hiyo imo historia yote iliyosimuliwa hapa. Amefanya kazi tangu alfajiri, naye asema hana kazi, kwa sababu neno kazi lilichukuliwa na kipande na mshahara, halikurudishwa.

Wapimaji wa takwimu nao wamekutana na neno hilo. Kwa kanuni ya kimataifa, aliyefanya kazi hata saa moja katika juma ahesabiwa kuwa anayo kazi. Kwa kanuni ya Tanzania, mwenye kazi isiyo ya hakika huweza kuhesabiwa miongoni mwa wasio nayo. Ndiyo maana nchi hii huchapa hesabu mbili, na ya kitaifa hupita ile ya kimataifa kwa mbali. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulipata 10.3 kwa mia kwa kanuni ya kitaifa. Tofauti ya hesabu hizo mbili si kosa la waandishi. Ni tofauti ya maana mbili za neno moja, nayo yaweza kuamua nani asaidiwe na nani aachwe kwa kuwa eti ana jembe.

Jambo hili lingekuwa la wanalugha peke yao kama shamba lingalikuwa lile la mwaka 1945. Siyo. Shamba lililogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, haliwezi kumpokea kila apunguzwaye kazini kama lilivyompokea babu yake alipokiacha kipande cha mkonge. Juu ya milima ya Mamba watu wamegeukia tangawizi, na Ndungu kuna mpunga wa kumwagilia. Bidhaa hizo nazo bei yake hupangwa mbali. Tena walio katika mashamba hayo, wakati wanaume wanapotafuta ujira mjini, aghalabu ni wanawake, kama ilivyokuwa siku za mbiru. Serikali ikichagua baina ya bei na ajira, yachagua pia, ingawa haisemi, ni kiasi gani cha hasara kitakachopelekwa kwao. Wapare wa mwaka 1945 walikataa shamba lao lisikadiriwe kuwa utajiri. Wajukuu wao wana haki ya kukataa lisihesabiwe kuwa ajira.